Ferguson ya Guka imekataa kuwaka

Jumamosi ya kwanza tulipopiga selfu, Cucu alitoka jikoni na kigoda chake akaketi kando ya ghala, leso begani, kama mtu aliyealikwa harusini. Tulikuwa tumemaliza kufunga injini usiku wa kuamkia siku hiyo, fundi na mimi, kwa mwanga wa simu. Slivu nne mpya, piston nne mpya, ringi, gesketi zote, vali zimesagwa mpaka zikakaa sawasawa. Hata rangi ya kijivu nilipiga mwenyewe. Baba mdogo alikuwa ameshika simu tayari kurekodi. Nikafungua petroli, nikavuta choki, nikasukuma gia hadi kwenye herufi S.

Ikazunguka kwa uvivu. Ikazunguka tena. Ikakohoa mara moja kupitia kabureta, fundi akaruka nyuma, halafu kimya. Baba mdogo akarudisha simu mfukoni.

"Si ulisema imepona?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na deni tu. Vipuri vilitoka Uingereza kwenye sanduku la binamu yangu anayefanya kazi ya uuguzi huko, na nilikuwa bado namlipa kupitia kwa mamake, elfu mbili mbili, kila makala yangu ikilipwa. Na kulikuwa na jambo lingine. Shamba la Guka lilikuwa linagawanywa kwa watoto wake watano, ghala likaangukia upande wa baba mdogo, naye anataka kujenga nyumba ya kuku hapo. Mnunuzi wa vyuma kuukuu alishakuja kutoka Nakuru mjini, akaizunguka trekta mara mbili, akaipiga tairi teke, akasema elfu arobaini na tano. Trekta yenyewe ni zaidi kidogo ya tani moja. Baba mdogo si mtu mbaya. Alinipa mpaka mwisho wa mwezi.

Pengine umewahi kuiona trekta kama hii bila kujua jina lake. Ndogo, ya kijivu, pua fupi, tairi za mbele nyembamba. Ni Ferguson TE20, iliyoundwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, kwenye kiwanda cha Banner Lane ambacho wakati wa vita kilikuwa kinatengeneza injini za ndege. Zaidi ya 500,000 zilitoka pale. T ni trekta, E ni England. Injini ya aina yake, silinda nne, ilitoka kwa kampuni ya Standard, na ndugu zake walifungwa kwenye magari ya Standard Vanguard na hata kwenye Triumph TR2, gari la mbio za vijana wenye pesa. Nilimwambia fundi hivyo akacheka sana. "Kwa hivyo Guka wako alikuwa analima na gari ya kujionyesha."

Mwenye jina, Harry Ferguson, alikuwa mtoto wa mkulima kutoka kaskazini ya Ireland. Mwaka 1909 alijenga ndege akairusha mwenyewe. Baadaye akageukia jembe, na hapo ndipo alipobadilisha dunia, kuliko kwenye ndege. Kabla yake trekta ilikuwa inakokota plau kama punda anavyokokota mkokoteni, na plau ikinasa kwenye kisiki, trekta ingeweza kuinuka mbele na kumwangukia dereva. Ferguson aliunganisha plau na trekta kwa mikono mitatu ya chuma na nguvu ya mafuta yaliyobanwa, vikawa mwili mmoja. Trekta nyepesi ikaweza kazi ya trekta nzito. Mwaka 1938 alipeana mkono na Henry Ford wauze trekta hizo pamoja, bila karatasi yoyote. Ford mzee akaondoka, mjukuu wake akasema hiyo mambo imeisha, wakaenda kortini, na mwaka 1952 Ferguson akalipwa dola milioni 9.25. Mtu yeyote aliyewahi kununua shamba la hisa Bonde la Ufa angemwonya kuhusu mkataba wa mdomo.

Mambo haya yote niliyapata kwa bando ya mia, nimelala. Historia ya Ferguson imeandikwa vizuri. Unaweza kujua ni lini Edmund Hillary alifika Ncha ya Kusini akiendesha trekta za Ferguson: tarehe 4 Januari 1958. Kuhusu watu walioziendesha Njoro, hakuna aliyeandika tarehe.

Nilisoma historia chuoni kabla sijaacha. Niliacha mwaka wa pili, karo, na mambo mengine ambayo karo inayaleta. Kati ya vitabu nilivyosoma hadi mwisho ni kile cha Tabitha Kanogo juu ya maskwota na mizizi ya Mau Mau, kwa sababu nilipofika katikati niligundua kwamba ninasoma juu ya nyumbani kwetu.

Baba yake Guka alitoka Kiambu akaja Njoro kuwa skwota. Leo neno hilo tunalitumia kwa mtu aliyevamia shamba. Wakati ule lilikuwa na sheria yake. Kwa sheria ya 1918, Mwafrika angeishi kwenye shamba la mzungu, alime kipande chake na achunge mifugo yake, mradi amfanyie mzungu kazi siku 180 kwa mwaka. Wengi walikubali kwa sababu ya nyasi. Kule Kiambu ardhi ilikuwa imebana, huku ng'ombe walikuwa wanazaana. Lakini wazungu wakaanza kuona kwamba mifugo ya skwota inakula malisho ya mifugo yao, na kwamba skwota mwenye mbuzi mia hana haraka ya kuja kazini. Miaka ya 1920 mifugo ikaanza kuondolewa, na watu wakaipa kampeni ile jina ambalo halihitaji kutafsiriwa: kifagio. Sheria ya 1937 ikawapa mabaraza ya wazungu uwezo wa kusema skwota awe na ng'ombe wangapi na alime kiasi gani. Siku za kazi zikapanda hadi 240, na mahali pengine 270.

Baada ya vita vya pili ndipo trekta zikaja kwa wingi. Hapa ndipo naomba unisikilize vizuri, kwa maana hii ndiyo sehemu ambayo sikuwahi kuiunganisha nikiwa darasani. Mzungu alimhitaji skwota kwa sababu alihitaji mikono, na alimwachia kipande kwa sababu hakuwa na uwezo wa kulima shamba lote. Trekta ikija, sababu zote mbili zinapungua. Kipande cha skwota kinaweza kupandwa ngano. Kwa hivyo mashine hii ndogo ya kijivu, ambayo mimi nilikua nikiipanda kama farasi, ilikuwa mojawapo ya vitu vilivyomwondoa baba yake Guka kwenye malisho yake. Na mashine hiyohiyo ikampa Guka kazi. Mwaka 1950, akiwa na umri wa kama miaka kumi na minane, alikuwa turniboi wa trekta, na kabla ya mwaka kuisha akapewa usukani. Cucu anasema alipata mshahara kuliko babake, na kwamba wawili hao hawakula meza moja kwa muda mrefu.

Mwanzoni mwa 1953, hali ya hatari ikiwa imetangazwa Oktoba iliyotangulia, Wakikuyu walipakiwa kwenye malori maelfu kwa maelfu kutoka Bonde la Ufa kurudishwa kwenye riziavu. Guka alikuwa ndani ya lori moja. Alirudi 1960. Mzungu aliuza katikati ya miaka ya sitini, na waliokuwa vibarua wake wakachanga hisa wakanunua shamba pamoja na kilichokuwa juu yake: ng'ombe kadhaa, mashine ya kukamua, na Ferguson ambayo tayari ilikuwa kuukuu. Shamba lilipokatwa vipande, kila kitu kiligawanywa isipokuwa trekta. Ilibaki kwa Guka kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kuiwasha.

Turudi ghalani.

Fundi wetu ni mzee wa miaka sitini na kitu, amefungua Massey nyingi kuliko nilizowahi kuona, lakini za dizeli. Dizeli haina plagi. Ukitoa hewa kwenye mabomba ya mafuta na taimingi ya pampu ikiwa sawa, nusu ya kazi imeisha. Hii ya petroli ilimrudisha kwenye mambo ya ujana wake. Lakini alikuwa na utaratibu. "Kijana," aliniambia, "injini inataka vitu vinne tu. Izungushwe, ipate mafuta, ibane, ipate moto. Usiruke hata kimoja."

Tukaanza na kuzungushwa. Ilikuwa inazunguka polepole, na ringi mpya huwa zinabana, hilo tulilijua. Lakini kosa lilikuwa langu. Nilipopiga ile rangi nzuri ya kijivu, nilipaka hadi pale waya wa athi wa betri unapofungwa kwenye bodi. Umeme ulikuwa unajaribu kupita kwenye rangi. Tukakwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukakaza boliti, na safari hii ikazunguka kwa hasira. Haikuwaka, lakini tulijisikia watu.

Mafuta. Hapa kuna hadithi ndani ya hadithi. Kwenye kibati cha trekta yetu herufi ni TED, si TE tu. Maana yake iliundwa kutumia mafuta yanayofanana na mafuta ya taa, ambayo yalikuwa bei ya chini kuliko petroli. Mafuta hayo hayawaki injini ikiwa baridi. Kwa hivyo tangi lina vyumba viwili, kidogo cha petroli na kikubwa cha mafuta ya taa, na bomba lenye njia mbili. Unawasha kwa petroli, unangoja injini ichemke vizuri, halafu unageuza bomba. Na kabla ya kuzima lazima ugeuze tena, ili kabureta ibaki na petroli ya kesho. Ukisahau, asubuhi utazungusha hendeli mpaka mkono uvimbe.

Nikiwa mdogo, nikiwa nimekaa juu ya madigadi, niliona kila jioni tukifika kwenye kona ya mkuyu Guka anainama na kugusa chini ya tangi. Nilidhani anaisalimia. Alikuwa anageuza bomba. Kutoka mkuyu hadi ghalani ilikuwa kadiri kamili ya kumaliza mafuta ya taa yaliyobaki kwenye kabureta.

Siku hizi hiyo hesabu haina maana. Tangu 2018, serikali ilipoweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili watu wasiyachanganye na dizeli, hakuna mwenye akili anayelima nayo. Sisi tunatia petroli tu. Lakini tulipofungua kabureta, chini ya bakuli lake tulikuta uchafu wa rangi ya chai, mzito kama asali, mabaki ya siku ambayo mtu fulani alizima bila kugeuza. Guka alikuwa ameshaanza kusahau vitu mwaka wake wa mwisho. Nilikaa na lile bakuli mkononi muda kidogo, fundi akajifanya anatafuta spana.

Tukasafisha jeti kwa uzi wa shaba, tukapuliza, tukarudisha. Ukitoa plagi baada ya kupiga selfu sasa zilikuwa zimelowa petroli. Mafuta yanafika.

Moto. Unatoa plagi, unairudishia waya wake, unailaza juu ya kichwa cha injini, mwenzako anapiga selfu, unaangalia. Ilikuwa cheche ya manjano, dhaifu kama ya kiberiti kilicholowa. Pointi mpya tulizoletewa zilikuwa na ukungu wa mafuta wa kuzuia kutu, ambao hakuna aliyetuambia tufute. Tukafuta kwa karatasi safi na petroli, tukapima nafasi upya. Cheche ikawa ya bluu na ikaanza kutoa sauti. Tak. Tak. Fundi alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Kubana. Alienda kuazima geji kwa gereji moja ya matatu huko barabarani. Silinda zote nne zilikaribiana. Slivu na ringi zilikuwa zimefanya kazi yake, deni langu halikuwa limeenda bure.

Basi: inazunguka, inapata mafuta, inabana, inapata moto. Na haiwaki. Kila tulipojaribu ilikohoa kupitia kabureta, na mara moja ilitoa ulimi wa moto uliounguza nywele zote za mkono wa kulia wa fundi. Jirani akaja na Massey yake tukaivuta kwa mnyororo barabarani, mimi juu ya usukani, gia ya pili, nikaachilia klachi. Ekzosi ikapiga mlio kama bunduki. Watoto wa shule wakakimbia, kisha wakarudi kuomba tupige tena. Tukapiga tena. Hakuna kitu. Baba mdogo alitazama yote akiwa kwenye lango na hakusema neno, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kusema.

Zilikuwa zimebaki siku nane.

Usiku huo nilisoma kitabu cha ukarabati kwenye simu, PDF iliyopigwa picha kombo, mpaka macho yakauma. Na nikiwa nasoma nikakumbuka Kongwa. Chuoni tulifundishwa ule mradi wa karanga wa Tanganyika kama mfano wa ujinga wa wakoloni: 1947 serikali ya Uingereza ilitaka kulima karanga kwenye eneo kubwa mno, ikakusanya trekta kuukuu kutoka kila upande, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa vikawa trekta, na kabla ya mwaka kuisha nyingi zilikuwa zimekufa. 1951 mradi ukafutwa na pauni milioni 36 zikapotea. Tuliambiwa tatizo ni mvua na udongo mgumu. Ni kweli. Lakini sasa, nikiwa na grisi kwenye kucha, nilikuwa nawaza juu ya kitu kingine: trekta za watu waliokufa au walioachwa mbali, zimeletwa bila hata mtu mmoja anayejua tabia zake. Zetu ziko hivyohivyo. Tulikuwa na chuma, tulikuwa na kitabu, na mwenye kuijua alikuwa amelala chini ya mti wa avokado.

Asubuhi nilimwambia fundi kwamba kuna kitu cha tano: saa. Moto unatoka, lakini unatoka saa ngapi?

"Taimingi tuliweka kwa alama," akasema.

"Alama inaonekana mara mbili, mzee."

Nieleze, maana hapa ndipo palipokuwa na shida yote. Piston hufanya kazi kwa hatua nne. Inashuka ikivuta mafuta na hewa, inapanda ikibana, inashukia kwa nguvu mafuta yakiwaka, inapanda tena ikitoa moshi. Kwa hivyo inafika juu mara mbili, mara moja imebana na mara moja imetoa moshi. Ukiangalia alama kwenye flaiwili huwezi kujua ni ipi, zote zinafanana. Cheche inatakiwa kwenye ile ya kwanza. Ikija kwenye ile ya pili, inakuta hakuna cha kuwasha, na kwa kuwa vali ya kuingiza imeanza kufunguka, moto kidogo unaopatikana unarudi kwenye kabureta. Ndiyo ule ulimi uliomlamba fundi.

Tukatoa plagi ya silinda namba moja, nikaziba tundu kwa karatasi ya gazeti iliyofinyangwa, na fundi akazungusha hendeli ya mbele taratibu. Karatasi ikaruka. Maana yake piston ilikuwa inapanda ikibana. Akaendelea hadi alama ya flaiwili ikatokea. Sasa piston namba moja iko juu, tayari kwa moto. Nikafungua kofia ya distributa kuona rota inaangalia wapi.

Rota ilikuwa imempa mgongo namba moja. Ilikuwa inaangalia namba nne.

Fundi alisimama akaitazama kwa muda mrefu, akavua kofia yake mwenyewe. Halafu akaeleza polepole, kama anayesoma maandishi ya mtu mwingine. Distributa haizungushwi moja kwa moja. Chini yake kuna shafti inayochukua mzunguko kutoka kwa kemshafti, na shafti hiyohiyo ndiyo inayozungusha pampu ya oili. Mtu fulani, wakati fulani, alitoa pampu ya oili. Aliporudisha, shafti ikaingia nusu mzunguko kombo. Angeweza kuitoa tena na kuanza upya. Badala yake alihamisha waya za plagi upande wa pili wa kofia, moja ikaenda kwa nne, nne kwa moja, tatu na mbili zikabadilishana, na trekta ikawaka. Ikalima hivyo miaka yote. Sisi kwenye ukarabati hatukuigusa ile shafti. Tulinunua kofia mpya na waya mpya, tukafungua kitabu, tukazipanga kama picha inavyosema. Tulisahihisha kitu ambacho hakikuwa kimeharibika.

Kofia ya zamani ilikuwa kwenye karai la takataka, chini ya gesketi zilizoungua. Nikaifuta kwa petroli. Kando ya kila tundu la waya kulikuwa na mikwaruzo ya msumari: mmoja, miwili, mitatu, minne. Nilikuwa nimeiona wakati tunafungua injini nikadhani ni uchakavu. Mkwaruzo mmoja ulikuwa pale ambapo kitabu kinasema nne.

Mikwaruzo hiyo niliijua. Iko kwenye mlango wa ghala, ndani, safu kwa safu, ambapo Guka alikuwa anahesabu debe za ngano. Hakusoma shule. Alichora msumari ukilala kidogo kulia, kila mara, na huku kwenye kofia ulilala vilevile.

Kuhamisha waya nne kulituchukua dakika moja. Fundi aliniachia nipige mimi. Betri ilikuwa imechoka kwa mateso ya wiki mbili, kwa hivyo nilienda mbele nikashika hendeli, dole gumba upande mmoja na vidole vingine kama nilivyofundishwa, ili ikirudi nyuma isinivunje mkono. Nusu mzunguko. Ikawaka. Si kwa silinda zote, mwanzoni ilichechemea, moshi wa bluu ukajaa ghalani, kisha ya nne ikajiunga na sauti ikatulia kuwa ile sauti, ambayo sikuwa nimeisikia tangu darasa la saba. Kuku wa jirani walipanda juu ya paa. Fundi alinipiga mgongoni kwa mkono usio na nywele.

Cucu alikuja na kigoda. Nilipiga kelele kumweleza juu ya mlio, waya zilikuwa kinyume, moja kwa nne, nne kwa moja. Akanitazama kama ninayemweleza kwamba maji yana unyevu.

"Hiyo trekta ilizaliwa na miguu mbele," akasema. "Guka wako alikuwa anaiita hivyo. Tangu ile usiku ya pampu."

"Ulikuwa unajua?"

"Hamkuniuliza."

Nikamuuliza basi, papo hapo, injini ikinguruma. Ilikuwa mwaka shangazi yangu mkubwa alipozaliwa, 1967, wakati wa kupanda. Pampu ya oili ilikufa trekta ikiwa katikati ya shamba la wenye hisa, na mvua ilikuwa imeshaanza. Fundi wa Nakuru alitaka pesa ambazo kikundi hakikuwa nazo, zote zilikuwa zimeenda kwa mkopo wa shamba. Guka na mwanamume mwingine waliifungua hapohapo kwa taa ya chemli, chini ya turubai, yeye Cucu ndiye aliyeshika taa, mimba ikiwa ya miezi minane. Iliporudishwa na kukataa, yule mwingine alisema waitoe tena wafanye vizuri. Guka akasema mvua haingoji vizuri. Akahamisha waya moja moja, akijaribu, mpaka ikashika. Walilima mpaka asubuhi. Halafu akachukua msumari.

Nilitaka kujua jina la yule mwingine. Cucu alilikumbuka, na jina la babake, na shamba alilofia. Nimeliandika kwenye daftari, na litabaki hapo mpaka familia yake iniruhusu.

Baba mdogo alikuja kutoka langoni. Aliizunguka trekta mara mbili, kama yule mnunuzi, lakini hakupiga tairi teke. Aliuliza kama inaweza kuvuta tela la mbolea ya kuku. Fundi akasema inaweza kuvuta nyumba ya kuku yenyewe. Hakuahidi chochote, baba mdogo, alisema tu kwamba yule mtu wa vyuma hajapiga simu wiki hii na yeye pia hatampigia. Fundi akauliza kama tuitoe ile shafti siku moja tuirekebishe, iwe kama kitabu. Nilisema hapana.

Kabla hatujazima nilienda mlangoni nikachukua msumari, nikakwaruza kofia mpya. Mmoja, miwili, mitatu, minne, kwa mpangilio wa Guka. Yangu haikulala kulia, ilitoka wima kama ya mtoto wa shule. Cucu akasema tuzime, petroli si maji. Nikainama chini ya tangi nikafunga bomba, tukangoja kabureta iishe.